Fremu ya Chuma kwenye Sola: Mwongozo wa Kununua Paneli na Kuchomelesha Stendi Mwambao

Paneli nyingi za sola huuzwa zikiwa na dhamana ya kuzalisha umeme kwa miaka 25. Kioo kinaweza kufika huko, na seli pia. Kinachokwama njiani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani kote, ni chuma kilichozibeba: stendi iliyochomelewa upesi, ikapigwa rangi mkono mmoja, ikapandishwa juu ya bati siku hiyohiyo. Kutu huanzia kwenye tundu la bolti na kwenye mshono wa kuchomelea, ikajipenyeza ndani ya bomba ambako jicho halifiki. Kusi ikivuma kwa nguvu, mguu unakatika.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mwenye duka, msimamizi wa zahanati au madrasa, na kamati ya shule inayotaka kutoa hela kwa fundi. Unahusu chuma cha aina mbili. Kwanza ni fremu, yaani ule ukingo unaozunguka kioo cha paneli tangu kiwandani. Pili ni stendi, yaani miguu na reli za kubebea paneli, ambazo mara nyingi huchomelewa mtaani kwako. Kote kuwili jambo la kuangalia ni lilelile: chuma kina nguvu ya kutosha na ziada, lakini ulinzi wake unavunjika pale kilipokatwa, kilipotobolewa na kilipochomelewa. Kwa hiyo kila unapokagua, uliza maswali mawili. Ni nani amekata hapa? Na baada ya kukata, pamepakwa nini?

Kwa nini chuma, na kwa nini sasa

Fremu nyingi za paneli ni za alumini. Alumini ni nyepesi na hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaoizuia isiliwe. Ila kuizalisha kunakula umeme mwingi mno: tani moja ya alumini mpya huhitaji zaidi ya uniti 13,000. Ndiyo sababu baadhi ya kampuni, ikiwemo Origami Solar ya Oregon, Marekani, zimekuwa zikisukuma fremu za chuma zichukue nafasi hiyo.

Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, lakini ukaidi wake wa kupinda nao ni karibu mara tatu. Kwa hiyo kiwanda hutumia bati jembamba zaidi na kupata fremu inayobeba mzigo uleule. Utengenezaji wake hauna miujiza. Koili ya bati iliyokwisha kupakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki, alumini na magnesi, hupitishwa katikati ya magurudumu yanayoikunja hatua kwa hatua, kama viwanda vyetu vinavyokunja mabati ya migongo. Ukanda uliokunjwa hukatwa vipande vinne, kona huunganishwa, na kioo hugandishwa ndani kwa silikoni.

Chuma kina sifa nyingine ambayo wauzaji huisahau. Kioo, chuma na alumini hutanuka kwa joto kwa viwango tofauti. Chukua paneli ya urefu wa mita 2 inayopata joto la nyuzi 50 zaidi kati ya alfajiri na adhuhuri. Kioo kitarefuka kwa karibu milimita 0.9, chuma milimita 1.2, na alumini milimita 2.3. Fremu ya chuma basi hutembea karibu sawa na kioo chake, na silikoni iliyo katikati haivutwi sana kila siku.

Hizo ndizo faida. Hasara ni moja, na pwani ni kubwa: chuma kinaoza.

Zinki inaishi muda gani kwako?

Zinki hukilinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza. Hata ukiikwaruza kidogo, ile ya pembeni huendelea kukilinda kidonda. Swali ni unene wake na kasi inavyoliwa. Unene hupimwa kwa mikroni. Mikroni elfu moja ni milimita moja.

Kiwango cha kimataifa ISO 9223 hupanga mazingira kwa ukali wa kutu. Daraja la C3 lina chumvi kidogo. Hapo zinki hupungua mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. C4 ni mji wa pwani wenye chumvi ya wastani: 2.1 hadi 4.2. C5 ni mahali penye chumvi nyingi, kama nyumba inayotazama mawimbi: 4.2 hadi 8.4.

Sasa nenda dukani. "Hii galvanaizi, bosi," utaambiwa. Muulize ni galvanaizi ipi, maana ziko tatu na bei zake hazilingani.

• Ya kupakwa kwa umeme. Inang'aa sana na ni laini kama kioo. Zinki yake ni mikroni chache tu. Bolti nyingi za bei ya chini ni za aina hii. Kwa pwani haifai nje ya nyumba.

• Ya koili. Bati lilipakwa kabla ya kukunjwa kuwa bomba au reli. Ukiona imeandikwa Z275, maana yake ni gramu 275 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, yaani karibu mikroni 20 kila upande. Kwenye C4 hiyo ni miaka 5 hadi 9. Kwenye C5 ni miaka 2 hadi 5.

• Ya kuzamishwa. Stendi huchomelewa yote, hutobolewa matundu yote, kisha huzamishwa nzima kwenye zinki iliyoyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 450. Kwa kiwango cha ISO 1461, chuma chenye unene wa milimita 1.5 hadi 3 hupata wastani usiopungua mikroni 55, na chenye zaidi ya milimita 3 hadi 6 hupata mikroni 70. Mikroni 70 kwenye C4 ni miaka 16 hadi 33. Kwenye C5 ni 8 hadi 16.

Tazama tena tarakimu hizo kabla hujabishana na fundi juu ya bei. Paneli ya miaka 25 juu ya bomba la koili, ufukweni, inamaanisha kushusha mitambo na kujenga stendi upya mara kadhaa.

Kununua paneli: ukaguzi wa dukani

Nenda na sumaku ndogo na tochi ya simu.

1. Gusisha sumaku kwenye fremu. Ikishika, fremu ni ya chuma. Si sababu ya kuikataa, ila muuzaji aliyekuambia ni alumini hajakuambia kweli, na hapo mengine aliyosema yapime upya.

2. Omba karatasi ya maelezo ya paneli. Tafuta IEC 61215 na IEC 61730, vipimo vya uimara na usalama. Kwa pwani tafuta pia IEC 61701, kipimo cha mvuke wa chumvi. Kwa fremu ya chuma, karatasi iseme imepakwa nini.

3. Omba mwongozo wa kufunga, hata kama ni faili la simu. Humo ndimo mnamoandikwa paneli ifungwe umbali gani kutoka baharini, na fremu ibanwe sehemu gani. Ukipuuza haya mawili, dhamana inaweza kukataliwa.

4. Mulika kona nne, ncha zilizokatwa, na matundu ya kufungia. Hapo ndipo chuma kilipokatwa kiwandani. Mstari mwembamba wa rangi ya kahawia kwenye paneli ambayo bado iko ghalani unatosha kuirudisha.

5. Angalia nyuma. Silikoni izunguke bila kukatika. Vitundu vidogo vya kutolea maji viwepo na viwe wazi. Alama ya mahali pa kufunga waya wa athi iwepo.

6. Inueni wawili, kila mmoja upande wake. Paneli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28, upana wa mita 1.13 na uzito unaokaribia kilo 30. Ikijinyonga au kona ikilia, iacheni.

Maoni yangu ni haya. Kama unakaa Dodoma, Tabora au Nakuru, fremu ya chuma yenye karatasi kamili ichukue bila hofu. Kama dirisha lako linaona bahari, chukua paneli ya fremu ya alumini, na pesa zako za kupigania kutu zipeleke kwenye stendi. Fremu ya paneli huwezi kuizamisha tena kwenye zinki wala kuibadilisha, stendi unaweza.

Kuna kitu kitatufaa mbele ya safari. Eneo letu tayari lina viwanda vya kukunja bati, na Naivasha, Kenya, kumekuwa na kiwanda cha kuunganisha paneli tangu 2011. Alumini ya fremu inahitaji mitambo ya kuisukuma kwenye kalibu. Fremu ya chuma inahitaji koili nzuri na magurudumu. Ningependa kuona vijana wetu wakikunja fremu hizo hapa, kwa koili yenye magnesi, na kuzipima kwa chumvi ya bahari yetu.

Upepo ndio mzigo wenyewe

Watu huuliza, "Paa langu litabeba?" Swali ni zuri, lakini mzigo mkubwa zaidi mara nyingi huenda juu.

Chukua paneli 4 za wati 550. Paneli ni kilo 112 hivi, na chuma cha stendi kiwe kilo 50. Jumla ni kilo 160 kwenye eneo la mita za mraba 10. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, ukiupata uso mzima, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 55. Kwa paneli 4 hiyo ni zaidi ya kilo 560. Upepo ukiingia kwa chini, stendi yako inakuwa tanga, na kinachobaki kuishikilia ni bolti na skrubu zilizoingia kwenye mbao. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na mwambao wa kusini wa Tanzania Mei 2024, kilitukumbusha kwamba upepo wa aina hii unaweza kubisha hodi kwetu.

Paneli zenyewe hujaribiwa kwa nguvu ya paskali 2,400 upande wa upepo, sawa na karibu kilo 245 kwa mita ya mraba. Lakini matokeo hayo hutegemea fremu imebanwa wapi. Paneli kubwa ya kioo chembamba ikibanwa kwenye ncha tu, nguvu hiyo haipo tena.

Kuagiza stendi kwa fundi wa kuchomelea

Nachukua mfano wa stendi ya chini kwa paneli 4 zilizosimama wima, ubavu kwa ubavu. Upana wa paneli ni mita 4.6 pamoja na nafasi ya sentimita 2 kati ya moja na nyingine, kwa hiyo reli ya mita 4.8 inatosha, nayo inatoka kwenye chuma kimoja cha mita 6 bila kiungo. Unahitaji reli mbili.

1. Chagua umbo lililo wazi. Mimi nachagua chuma cha L, ile engo ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa 4, kuliko bomba la mraba. Engo inaonekana pande zote, inasuguliwa pande zote, inapakwa pande zote. Bomba linaoza kwa ndani kimyakimya. Engo hiyo ina uzito wa kilo 2.4 kwa mita, na kwa kuwa imezidi milimita 3 itabeba zinki nene zaidi.

2. Chora kabla ya kukata. Karatasi moja iwe na urefu wa kila kipande na mahali pa kila tundu. Pima matundu ya nyuma ya paneli uliyoinunua wewe mwenyewe. Usikubali vipimo vya "paneli za kawaida".

3. Panga mwinamo. Huku karibu na ikweta nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, na chini ya 10 vumbi na maji hukaa kwenye ukingo wa chini. Ukiwa kusini ya ikweta, kama Dar es Salaam au Mombasa, uso uelekee kaskazini. Kwa nyuzi 12 na reli zilizoachana mita 1.3 kufuata mteremko wa paneli, mguu wa nyuma uzidi wa mbele kwa sentimita 27.

4. Kata, toboa na chomelea VYOTE sasa. Mshono uzunguke kiungo kizima. Kuchomelea nukta nukta huacha mwanya ambao maji ya chumvi yataingia na hayatatoka.

5. Weka vitako. Kila mguu uwe na bamba chini lenye matundu ya bolti. Mguu uliochomekwa moja kwa moja kwenye zege hukatika palepale zege linapokutana na hewa. Juu ya zege pawe na mteremko ili maji yasisimame.

6. Safisha mishono. Vipande vya chuma vilivyorukia pembeni na gamba la mshono viondolewe kwa patasi na grinda. Zinki haishiki juu ya gamba.

7. Peleka kuzamishwa. Dar es Salaam na Nairobi wapo wanaozamisha nguzo na vyuma vya minara. Watu kadhaa mtaani mkikusanya stendi zenu na kusafirisha pamoja, nauli inagawanyika.

> HATARI: bomba lililozibwa
> Kama umetumia bomba, kila kipande kiwe na tundu la kupumulia ncha zote mbili kabla ya kuzamishwa. Hewa na unyevu uliofungiwa ndani ukikutana na zinki ya nyuzi 450 hupasuka kama bomu na unaweza kuua mfanyakazi. Mwambie mwenye kiwanda waziwazi kwamba ni mabomba, naye ayakague.

> HATARI: moshi mweupe
> Kuchomelea chuma chenye zinki hutoa moshi mweupe. Akiuvuta, fundi hupatwa usiku na homa, baridi na maumivu ya mwili. Kunywa maziwa hakumkingi. Kinachomkinga ni kuchomelea kabla ya zinki. Ikilazimu kufanya baada, aondoe zinki kwa grinda pembeni ya kiungo, afanyie kazi nje penye upepo unaompitia ubavuni, na avae barakoa ya mafusho.

Kama kuzamisha hakuwezekani

Uko Kilwa au Micheweni, gari halipatikani, na sola inasubiriwa. Fanya hivi, ukijua kwamba umechagua njia ya kupaka tena na tena.

1. Chuma kisuguliwe kwa grinda yenye brashi ya waya na msasa hadi kiwe cheupe, hasa kwenye mishono.
2. Kioshwe kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi, kikaushwe kabisa.
3. Rangi ya kwanza ipakwe siku hiyohiyo, ndani ya saa chache. Pwani, chuma kilichosuguliwa asubuhi kinaweza kuwa na kutu jioni.
4. Rangi hiyo ya kwanza iwe ya zinki yenyewe, ambayo kopo lake linaeleza kiasi cha zinki kwenye rangi ikishakauka; tafuta asilimia 80 au zaidi. Kingo na mishono ipigwe kwanza kwa brashi, ndipo uso wote upakwe, mikono miwili.
5. Juu yake rangi ya epoksi, kisha ya kumalizia inayostahimili jua.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Rangi ya fedha inayouzwa kwenye kopo la kupuliza hufanana na zinki kama pacha, lakini nyingi hazina zinki hata chembe. Zinang'arisha kidonda bila kukitibu. Soma kopo. Na ile rangi nyekundu ya msingi waliyozoea mafundi wa mageti, peke yake, haitoshi kwa stendi inayokaa juani na kwenye chumvi mwaka mzima.

Onyo la pili: usipake rangi ya mafuta ya kawaida juu ya chuma kilichozamishwa. Hukaa vizuri miezi michache, kisha hubanduka vipande vipande, kwa sababu zinki humenyana na mafuta hayo. Ukitaka rangi juu ya zinki, iwe iliyoandikwa kwamba inafaa kwa zinki, na uso uoshwe kwa sabuni na kukwaruzwa kidogo kwa msasa laini kwanza.

Kupokea kazi: usilipe salio kabla ya haya

☐ Hakuna tundu lililotobolewa baada ya kuzamishwa. Tundu jipya hung'aa ndani.
☐ Mishono yote imefunikwa na zinki, bila nukta nyeusi.
☐ Vidonda vya kurekebishwa ni vichache na vidogo, kila kimoja kisizidi sentimita 10 za mraba, na vimepakwa rangi ya zinki.
☐ Umeweka reli mbili sakafuni na zinalala bila kucheza. Joto la kuzamishwa linaweza kupindisha chuma chembamba.
☐ Paneli moja imejaribishwa juu yake na matundu yanakutana.

Kufunga: metali zinapokutana

Alumini na chuma kitupu zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini huliwa. Alumini na chuma chenye zinki nzuri hupatana zaidi, lakini zinki ikishakwisha ugomvi unaanza.

1. Tumia bolti za stenlesi zenye chapa A4 kichwani, kama A4-70 au A4-80. A2 ni ya mbali na bahari. Isiyo na chapa usiihesabu. Stenlesi hizi hazishikwi na sumaku, au hushikwa kwa unyonge sana.

2. Tia grisi kidogo kwenye meno ya bolti. Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi, ikikazwa kavu kwa haraka, hukamatana hadi ukate.

3. Kati ya fremu ya alumini na reli ya chuma weka kipande cha plastiki ngumu au mpira usioharibiwa na jua. Usiweke kitambaa, ubao wala sponji. Hivyo hushika maji ya chumvi na kuyahifadhi hapohapo.

4. Funga kwenye matundu ya kiwandani au kwa vibano, mahali mwongozo unapoelekeza. Usitoboe fremu ya paneli. Usiichomelee kwenye reli. Usizibe vitundu vya kutolea maji.

5. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mwongozo. Kukaza kwa hasira hubonyeza fremu, na kioo hupasuka wiki kadhaa baadaye bila anayejua kwa nini.

6. Juu ya paa, kila mguu uingie kwenye kenchi au papi nzima. Bati peke yake halishikilii kitu. Papi iliyoliwa na mchwa ibadilishwe kabla. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati, hewa ipite. Paneli hupoteza karibu asilimia 0.35 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka.

7. Unganisha fremu zote na reli zote kwenye waya mmoja wa athi, hadi kwenye fimbo iliyozama ardhini. Kichwa cha waya wa shaba kiwe kimepakwa bati nyeupe, na shaba tupu isiguse alumini wala zinki. Hata maji yanayodondoka kutoka kwenye shaba hula zinki iliyo chini yake, kwa hiyo waya upite chini ya reli.

> HATARI: paneli haizimwi
> Jua likiwa juu, paneli ina umeme. Moja ya wati 550 hufikia karibu volti 50; nne zilizounganishwa mfululizo hufikia 200. Umeme huu ukiruka cheche hauzimiki upesi kama wa gridi. Funika paneli kwa turubai zito, usichomoe plagi huku mzigo unafanya kazi, na anayepanda paa avae mkanda uliofungwa kwenye kenchi.

Makosa ninayoyaona tena na tena

Kosa kubwa ni kutengeneza stendi nzuri, kuizamisha, kisha kufika juu ya paa na kukuta matundu hayakutani. Grinda inawashwa hapohapo. Dakika tano zinafuta fedha zote za zinki, na unga wa chuma ulioruka juu ya bati jipya unaota kutu usiku huohuo. Ndiyo maana nasisitiza mchoro na kujaribisha paneli chini. Ikiwa lazima utoboe, fagia unga wote, kwangua ukingo wa tundu, paka rangi ya zinki ndani na nje, subiri ikauke, ndipo bolti iingie.

La pili ni kuchanganya bolti: nne za stenlesi zimekwisha, ya tano inatolewa mfukoni. Hiyo ya tano ndiyo itakayokatika.

La tatu ni ncha za bomba zilizo wazi zikitazama juu. Mvua inajaa ndani. Ziba ncha ya juu kwa kifuniko, na chini kabisa acha tundu la kutolea maji.

Matunzo

Mvua huosha uso wa paneli. Chini yake haifiki, na chumvi hujirundika huko mwaka mzima. Kwa hiyo upande wa chini ndio huoza kwanza ingawa juu panameremeta. Kila miezi mitatu, asubuhi kabla kioo hakijapata moto, mwaga maji yasiyo na chumvi chini ya reli, kwenye vibano na kwenye vitako. Maji ya kisima chenye chumvi ni bora uyaache.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, panda na tochi:

☐ Unga mweupe kwenye zinki: ni dalili kwamba maji yanakaa hapo. Suuza, tafuta yanakotoka.
☐ Alama ya kahawia: sugua hadi chuma cheupe, paka zinki mikono miwili wiki hiyohiyo.
☐ Bolti: jaribu kila moja kwa spana.
☐ Gonga bomba kwa nyundo ndogo, kuanzia chini. Mlio mkavu ukigeuka kuwa wa kubonyea, ndani kumeoza.
☐ Waya wa athi: umefungika, haujageuka kijani kwenye kichwa.

Stendi ya zamani ikiwa na kutu ya juujuu, isugue na kuipaka paneli zikiwa zimeshushwa, kwa sababu pabaya zaidi ni pale reli na fremu zinapogusana, na hapo brashi haifiki zikiwa zimefungwa. Ukiweza kuichoma kwa bisibisi ikazama, usipake. Shusha paneli kabla ya msimu wa upepo, kata chuma hicho uuze chakavu, na peleka vipimo vyake kwa fundi pamoja na orodha ya kuagiza stendi iliyo hapo juu.